Safu ya Ushauri: Gari la shemeji lilichemsha njiani kuelekea Natron, na sikumwambia ukweli

Barua

Mzee, shikamoo.

Ninakuandikia kwa sababu ya jambo lililoninyima usingizi kwa wiki tatu sasa. Nina miaka 34, ninaishi Arusha, nina mke na mtoto mmoja. Mwezi uliopita mimi na wenzangu wanne tuliosoma pamoja chuoni tulifunga safari tuliyokuwa tukiisema tangu mwaka wa kwanza wa masomo, yaani kwenda Ziwa Natron kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka, kupanda mlima Ol Doinyo Lengai usiku wa kuamkia Jumapili, kisha kushinda ziwani tukiwatazama heroe, yaani flamingo. Kila mmoja alichanga shilingi 220,000. Kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye gari linaloiweza njia ile, nilimwendea shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, naye akaniazima Land Cruiser yake ya dizeli bila kunitoza hata senti. Aliponikabidhi ufunguo aliniambia maneno machache tu: "Nenda nalo, shemeji, liangalie kama lako."

Naomba niseme hapa yale ambayo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu. Gari nililichukua siku tano kabla ya safari ili nilizoee, na siku ya pili yake, nikiwa kwenye mlima wenye foleni, niliona mshale wa joto umepanda kupita nusu. Nilisimama kwa fundi wa pembeni mwa barabara, akaongeza maji kwenye rejeta na kuniambia kwamba yalikuwa yamepungua tu. Sikumwambia shemeji, na wenzangu walipouliza hali ya gari niliwajibu kwamba liko sawa kabisa.

Jumamosi tulipanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka saa nne. Tulifika Makuyuni, tukakunja kulia, na ilipofika saa sita na nusu tulikuwa tumeiacha lami pale Mto wa Mbu na kushika njia ya vumbi inayofuata ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea kaskazini. Karibu na Selela mshale ulipanda. Nilisimama kama dakika kumi, nikaongeza maji, tukaendelea. Tulipoipita Engaruka ulipanda tena, na mara hii ukakaribia alama nyekundu, lakini wakati huo mlima ulikuwa umeshaonekana mbele yetu, kiongozi wetu alikuwa akitusubiri Ngare Sero, kijiji kilicho chini ya mlima, na nilijua kwamba tukichelewa hatutapata hata saa moja ya kupumzika kabla ya kuanza kupanda usiku wa manane. Nikazima kiyoyozi, nikanyamaza, nikaendelea kuendesha. Baada ya muda mshale ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa, nami nikamshukuru Mungu nikidhani gari limepoa. Hazikupita dakika kumi likaishiwa nguvu, likatoa moshi mweupe, likazima, na halikuwaka tena.

Mwenzetu mmoja alifungua boneti na kuzungusha kifuniko cha rejeta, mvuke ukamuunguza mkono. Tulimimina kwenye rejeta zaidi ya lita kumi za maji yetu ya kunywa, nayo hayakukaa. Mtandao haukuwepo. Tulilala palepale, na kama si mama mmoja wa boma la jirani aliyetuletea dumu la lita 20 juu ya punda, tungeamka bila tone la maji. Dumu lenyewe, kwa haraka ya kuondoka, tulilisahau ndani ya gari na liko humo mpaka leo. Asubuhi lori lililokuwa likitoka mnadani lilituvuta kwa kamba hadi Mto wa Mbu.

Sasa mambo yanayonisumbua. Katika shilingi 1,100,000 tulizochanga, dizeli ilichukua 280,000, chakula na maji 170,000, ushuru wa mageti ya njiani 100,000, na malipo ya awali ya kambi na kiongozi wa mlima 350,000. Zilizobaki, yaani 200,000, nilizitumia kulipia lori, ambalo lilitutoza 300,000, na nyingine nikaongeza mfukoni mwangu. Wenzangu wawili wanadai warudishiwe 220,000 zote. Wa tatu amenyamaza, na yule aliyeungua amesema hadai kitu.

Shemeji aliponiuliza kilichotokea, nilimwambia kwamba gari lilizima ghafla bila dalili yoyote. Akanijibu, "Gari ni chuma tu, shemeji, la muhimu mmerudi salama." Alilipa mwenyewe gari la kulivuta kutoka Mto wa Mbu hadi Arusha, na gereji imemkadiria shilingi 2,800,000 za matengenezo, ambazo amekubali kuzitoa, kazi inaanza wiki ijayo. Mke wangu ananisihi ninyamaze, kwa maelezo kwamba kaka yake ameshasamehe na kulifufua jambo hili ni kutafuta ugomvi ndani ya familia. Je, ninyamaze? Wenzangu niwarudishie kiasi gani? Na je, ni vibaya kwamba hata baada ya haya yote bado natamani kwenda?

Aliyekwama Engaruka, Arusha

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimeendesha magari ya watalii upande huo wa kaskazini kwa miaka 27, na njia uliyoitaja naijua kwa vumbi lake, kwa makorongo yake na kwa ile mikunjo kama ya bati inayotikisa gari mpaka nati zinalegea zenyewe. Nimekwama humo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo sitakuhukumu kwa kukwama, ila yapo mambo mawili matatu ambayo lazima niyaseme waziwazi.

La kwanza ni mkono wa mwenzako. Barua yako ina hesabu ya kila shilingi, lakini aliyeungua umempa sentensi moja, wala hukusema ameungua kiasi gani, alitibiwa wapi na sasa anaendeleaje. Nenda kamwone leo, usimpigie simu. Uangalie mkono kwa macho yako, na kama kidonda bado kina majimaji, au kama ngozi imekaza kiasi kwamba kiwiko au vidole havikunjuki vizuri, mpeleke hospitali na gharama uzibebe wewe. Kusema kwake kwamba hadai kitu kusikufanye umweke wa mwisho. Nakueleza na jambo jingine ambalo dereva yeyote anayebeba watu anapaswa kulijua: mtu akiungua kwa maji ya moto au mvuke, mkono wake humwagiwa maji safi ya baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20 hivi, na maji ya kwanza kutoka kwenye akiba yenu yalikuwa haki ya mkono ule. Injini iliyokwisha kuzima ingeweza kusubiri hadi asubuhi.

Sasa nije kwa shemeji yako, na hapa sikubaliani na mke wako, ingawa naelewa anachokilinda. Anataka amani kati ya mume wake na kaka yake, na mwanamke yeyote mwenye busara angetaka hivyo. Lakini shemeji amesamehe jambo ambalo halikutokea. Amesamehe gari lililozima ghafla, na lililotokea ni gari lililokuonya mara tatu, moja hapa mjini na mbili njiani, ukaendelea kuliendesha. Msamaha huo unakutesa usiku kwa sababu unajua haukuwa wa kosa lako.

Ipo sababu nyingine ya kusema, nayo haiwezi kusubiri hata kama moyo wako ungeweza. Fundi anayeanza kazi wiki ijayo anatengeneza gari kwa maelezo ya uongo. Gari lililozima ghafla na lililoendeshwa likiwa limechemsha hayatibiwi kwa namna moja. Katika injini nyingi za dizeli silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini na imekaa juu ya bloku ya chuma, na alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likizidi sana, hedi hupinda au kupasuka, na gasketi iliyo katikati hushindwa kuziba. Kwa sababu hiyo uliona moshi mweupe, maana maji yalikuwa yakiingia kwenye silinda na kutoka kama mvuke. Fundi akijua historia hii ataivua hedi, aiweke rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wake na kupima mwanya uliopo, kisha aipeleke ikapimwe nyufa kwa presha kabla ya kufikiria kuisaga au kuibadilisha. Asipoijua, anaweza kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, akafunga, akapokea hela, na shemeji yako akachemsha tena siku nyingine akiwa na watoto wake ndani. Nimeiona kazi ya namna hiyo ikirudiwa mara mbili kwa gari moja, na kila mara mwenye gari analipa upya.

Mwambie fundi pia kuhusu ule mshale ulioshuka. Ulimshukuru Mungu, nami sikulaumu, kwa sababu hakuna aliyekueleza, lakini dakika ile ndiyo iliyoimaliza injini. Kihisio cha joto kimekaa ndani ya maji na kinapima joto la maji. Maji yanapokwisha, kihisio hubaki hewani, na mshale unaweza kuanguka huku chuma kikizidi kuungua. Mshale ukiwa juu kwa muda mrefu kisha ukashuka wenyewe bila wewe kusimama, hiyo ni ishara ya kuzima injini papo hapo.

Kuhusu namna ya kumwendea shemeji, usimtangulize mke wako, wala usiandike ujumbe wa simu. Mweleze mkeo kwanza kwamba unakwenda na kwa nini, ili asishtuke, kisha nenda nyumbani kwa shemeji jioni atakapokuwa ametulia, umwombe mzungumze wawili. Anza na lile la siku ya pili mjini, halafu Selela, halafu Engaruka, kwa mfuatano uliouandika kwangu, bila kumtaja fundi wa barabarani kama kinga. Fundi yule aliongeza maji; kuuliza maji yalikuwa yamekwenda wapi lilikuwa jukumu lako. Rejeta iliyofungwa vizuri haipotezi maji bila sababu. Ama mpira unavuja, ama pampu imechoka, ama kifuniko kimelegea. Kifuniko kile watu wanakidharau kwa kuwa ni kidogo na cha bei nafuu, lakini springi yake ndiyo inayobana presha ili maji yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 120. Kikilegea, maji huchemka kwenye nyuzi 100 au chini yake kidogo kutegemea mwinuko wa mahali, na hutoka taratibu kwa mvuke bila wewe kuona tone chini.

Baada ya kusema, toa malipo. Sikushauri ubebe 2,800,000 zote kwa hasira ya kujiadhibu, kwa sababu uchakavu uliokuwemo kabla ya safari si wako. Mwombe fundi aandike karatasi mbili. Ya kwanza iwe na yale ambayo gari lingehitaji kama lingesimamishwa Selela na kuvutwa pale pale, kwa mfano mpira, kifuniko, pampu au kusafisha rejeta, na hayo ni ya mwenye gari. Ya pili iwe na yaliyoharibika kwa sababu liliendeshwa baada ya Selela, yaani hedi, gasketi na kazi ya kuzifungua, na hayo ni yako, pamoja na lile gari la kuvuta kutoka Mto wa Mbu. Kama huna fedha zote, taja kiasi cha kila mwezi ambacho unakiweza kweli na uanze mwezi huu. Shemeji anaweza kukupunguzia au kukataa kabisa kupokea. Huo utakuwa uamuzi wake, na safari hii atakuwa ameufanya akijua.

Anaweza pia kukasirika. Mwache akasirike.

Wenzako nao wanastahili hesabu iliyonyooka. Dizeli, chakula na ushuru wa mageti mlivitumia pamoja, mkaenda pamoja mpaka Engaruka na mbele yake, kwa hiyo hivyo havirudishwi na asiyekubali umweleze kwa utulivu. Zile 200,000 ulizolipia lori ni jambo tofauti. Ulizichukua kwenye mfuko wa watu watano ili kuliokoa gari uliloahidi kwamba liko sawa, na hukuwauliza. Kila mmoja ana 40,000 ndani yake, basi warudishie wote wanne 40,000 kila mtu, akiwemo aliyenyamaza na yule asiyedai. Malipo ya kambi na kiongozi usiyahesabu kuwa yamepotea kabla hujawapigia simu, kwa kuwa viongozi wengi wa kule wanaelewa kwamba magari hukwama na hukubali kuhamishia tarehe nyingine. Wakikubali, waulize wenzako nani atakuwa tayari kwenda tena, na asiye tayari umrudishie 70,000 zake. Wakikataa, hasara hiyo ni yako, kwa sababu wenzako walikuuliza hali ya gari nawe ukawajibu kinyume cha ulichokijua.

Umeuliza kama ni vibaya kutamani kwenda tena. Si vibaya hata kidogo, mwanangu. Lengai ni volkano hai ya pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonatiti, lava nyeusi inayotiririka kama tope, isiyo na joto kali kama la volkano nyingine, na ambayo baada ya siku chache hubadilika kuwa nyeupe. Heroe wa Natron nao huzaliana kwenye maji ya magadi ambayo ndege na wanyama wengi hawayawezi. Mtu wa Arusha kukaa maisha yake yote bila kuyaona hayo, wakati wageni wanavuka bahari kuyafuata, kwangu ni huzuni.

Ila msiende kwa ratiba ile. Kilichokufanya unyamaze pale Engaruka ni saa, na saa ile mliipanga wenyewe mlipotaka kutoka Arusha, kuvuka njia ya vumbi wakati wa jua kali na kuanza kupanda mlima wa mita 2,962 ndani ya siku moja. Dereva mwenye ratiba ya namna hiyo hawezi kusimama hata akitaka. Laleni Mto wa Mbu siku ya kwanza, muingie njia ya vumbi alfajiri kabla bonde halijapata moto, mfike Ngare Sero mkiwa na mchana mzima wa kupumzika. Ikiwezekana muwe na magari mawili. Maji ya gari yawe kwenye dumu lake, lita 20 zisizoguswa na mtu, na ya kunywa yawe mbali nayo, lita tano kwa kila mtu kwa siku. Mbele ya rejeta mfunge wavu wa kuzuia mbegu za nyasi, kwa maana vumbi na mbegu zikijaa kwenye mapezi yake, hewa haipiti. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani mpaka mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, na utafute mahali pa kusimama. Ukisimama, usiguse kifuniko kwa nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono bila kuunguza na ukiuminya uwe laini. Hapo utandike kitambaa kinene, uzungushe kidogo tu, usikilize presha ikitoka hadi iishe, ndipo ukifungue. Maji uyaongeze taratibu injini ikiwa imepoa, kwa sababu maji ya baridi yakimwagwa kwa pupa kwenye chuma chenye moto yanaweza kukipasua.

Kwa leo mpigie simu fundi na umwombe asianze kazi mpaka wewe na shemeji mfike gereji pamoja. Ukiwa pale, fungua nyuma ya gari utoe lile dumu. Yule mama alitoa maji yaliyochotwa mbali kwa punda, na dumu la lita 20 katika boma la kule ni chombo cha kila siku ambacho sasa wiki ya tatu hana. Nunua la pili, uyaoshe yote mawili, uyafunge pamoja na sukari na majani ya chai, uyapeleke kwa madereva wa malori ya mnadani pale Mto wa Mbu na kuwaelekeza mahali mlipolala. Lori lile lililowavuta linapita hapo kila mnada.